Kifungua Kinywa Kando ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Mei 2001

Ulimi umeniponza. Maman Mukabaranga amenichagua mimi! Mimi, Kamali, muuza viatu vya mitumba katika soko la Kamembe, kati ya wanaume wote wa Rusizi. Ningepaswa kuchinja mbuzi. Badala yake naharisha tangu adhuhuri.

Mambo yalivyo. Maman Mukabaranga ni mjane, anauza mchele Bugarama, na ndiye mama yake Uwamwezi. Uwamwezi ndiye ninayetaka kumwoa. Kaka yake, Cyusa, aliyebaki Nairobi tangu vita, amempatia mama yao daktari wa macho huko na kutuma tiketi za ndege: moja ya mama, moja ya msindikizaji. Kwa basi ni mbali mno, na mama ana ugonjwa wa sukari. Msindikizaji awe mtu aliyezoea ndege. Mjomba wao, Mzee Nshimiyimana, akauliza ni nani kwetu hapa aliyezoea ndege. Nasikia watu walijibu kwa sauti moja: Kamali.

Jibu hilo wamelitoa wapi? Kwangu mwenyewe. Miaka yote hii nimewaambia habari za safari zangu za ndege. Kinshasa, Nairobi, na Brussels siku ambazo wateja ni wengi na mvua inatuzuia kutawanyika. Ukweli ni huu, na uishie humu humu. Baada ya vita, ndege za misaada zilipokuwa zinatua uwanjani kwetu, nilipata kibarua cha kushusha magunia ya maharage. Siku moja nilikaa kwenye kiti kule nyuma mpaka nikafukuzwa. Ndege haikutikisika hata kidogo. Hiyo ndiyo safari yangu.

Sikukataa. Ningekataaje? Mzee Nshimiyimana alisema wazi kwamba dada yake anataka kunitazama kwa karibu kabla ya kutoa jibu kuhusu binti. Safari hii ndiyo mtihani. Nikifaulu, naoa.

Jumanne, 8 Mei 2001

Nimepata nguvu. Kama ni mtihani, basi nionekane ninavyoujua.

Nimekwenda kwa Harerimana, mwenye ajansi ya tiketi karibu na kituo cha mabasi. Nikamwambia mimi na Maman tukae bega kwa bega, yeye dirishani na mimi pembeni yake, ili kila kitu nimweleze: hili bawa, lile wingu. Alisema kwa kawaida viti hutolewa Kigali, asubuhi ya safari. Nikambana. Nikamwambia mimi ni msafiri wa zamani, asinifundishe. Akatuma faksi mbele yangu. Jibu likaja: viti viwili pamoja, vimeandikwa. Ushindi!

Harerimana akanong'ona kwamba safari hiyo ni ya asubuhi na kifungua kinywa hutolewa humo ndani. Mayai, mkate, chai, kila kitu. Jioni hiyo hiyo nikampelekea Maman habari, kama mtu aliyechoka kula mayai angani. Nikamshauri asile nyumbani siku ya safari, maana watu wasiojua husafiri wameshiba na kuishia kukodolea chakula macho. Alinishukuru. Alisema kweli mwanaume akitembea anajua mambo.

Alhamisi, 10 Mei 2001

Nimekwisha.

Tuyishimire alikuja kununua viatu. Huyu ni karani wa kiwanda cha saruji Bugarama. Ana pikipiki, ana shati lenye kola ngumu, na naye anamtaka Uwamwezi. Akajaribu viatu, akatembea navyo, akanisifu kwa kuchaguliwa. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, huko ndani ya ndege mimi na Maman tutakula namna gani.



Mkwe hali mbele ya mama mkwe! Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Wala mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hata kumtazama ni kwa jicho la pembeni. Mgeni yeyote akipita nyumbani kwa mama mkwe hupewa sahani na kutazamwa mpaka amalize: askari, muuza mkaa, mpita njia aliyepotea. Mkwe hapewi. Mkwe akiguswa na njaa huko, huaga na kwenda kula kwa jirani. Baba yangu alioa kule Gashonga, na hakuwahi kumwona bibi yangu akitafuna mpaka siku alipomzika. Ninayetaka kuoa nami ni mkwe tayari, tena mkwe anayechunguzwa, kwa hiyo adabu ni ile ile mara mbili.

Na mimi nimeomba, kwa faksi, tukae bega kwa bega na sinia la mayai mapajani! Tena nimemwambia mama wa watu, mgonjwa wa sukari, asile nyumbani!

Tuyishimire alivaa viatu vyake vya zamani akaondoka bila kununua. Sidhani alikuja kwa ajili ya viatu.

Ijumaa, 11 Mei 2001

Baada ya swala nilikimbilia kwa Harerimana. Nikamwomba atutenganishe. Mmoja mbele, mwingine mkiani. Hata bawani! Alinitazama juu ya miwani. Akasema ndege imejaa wajumbe wanaokwenda kwenye mazungumzo ya amani ya Kongo, hakuna kiti cha kuhamisha, na viti vyetu vimeandikwa kwa sababu msafiri wa zamani alilazimisha.

Jioni Uwamwezi alipita dukani akitoka kwenye cherehani yake. Hakuketi. Aliniuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini: kweli nimewahi kupanda ndege? Alisema mama yake anaweza kuvumilia umaskini, viatu vya mitumba na hata mdomo wangu, lakini tangu mwaka ule walipompoteza baba yao hawezi kuvumilia mtu asiyejulikana lipi lake ni kweli. Wakati ule watu waliwaambia maneno mengi matamu langoni.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Nikasikia mdomo wangu unasema Nairobi nimekwenda mpaka nimechoka.

Alitikisa kichwa akaenda zake. Nampenda sana. Nikimkosa sijui nitaamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Jumamosi, 12 Mei 2001

Mpango. Pazia!

Nimeufanyia majaribio pamoja na Buhendwa, fundi viatu kutoka Bukavu anayekaa kibanda cha pili. Tuliazima viti viwili kwa kinyozi na ubao wa kupigia pasi kwa jirani. Buhendwa alikuwa Maman. Tukaketi tumebanana, ubao mapajani, chai na mkate juu yake. Katikati nilisimamisha mwavuli uliofunikwa kitenge, ili yeye ale kwake na mimi nile kwangu, macho yasikutane.

Mwavuli unahitaji mkono mmoja. Mkate unahitaji mkono wa pili. Chai inahitaji wa tatu. Nilipoinua kikombe, kiwiko kilimpiga Buhendwa tumboni, mwavuli ukafunguka wenyewe, chai yote ikamwagikia viatu vya wanaume vya ngozi, vile vizuri nilivyokuwa navyo. Watu walijaa. Muuza vitunguu akauliza kama namwoa Buhendwa.

Buhendwa alikausha suruali, akaniambia nimwendee tu Maman nimweleze kwamba sijawahi kusafiri na sikufikiria habari ya chakula. Njia ya mwongo ni fupi, alisema. Ni fundi mzuri lakini maisha hayajui.

Jumapili, 13 Mei 2001

Nimepata! Akili ni mali.

Safari ni Alhamisi. Alhamisi ni siku ya funga ya sunna! Aliyefunga hali. Asiyekula hawezi kula mbele ya mama mkwe. Heshima imelindwa, mila imelindwa, na dini imeongezeka. Kabla ya alfajiri nitakula daku ya kutosha, nitafika Nairobi nimeshiba bado.

Nilitembea mpaka Bugarama kwa furaha, yaani nilipanda lori la mchele, nikamwambia Maman kwamba mimi Alhamisi hufunga, hata safarini.  Alisema kwamba vijana wa siku hizi wenye dini wamebaki wachache. Alivuta shuka lake vizuri kichwani. Nilihisi Uwamwezi yuko mkononi kabisa.

Ila Maman ameitangaza. Kufika jioni imamu alinishika mkono na kunitaja kama mfano kwa watoto wa chuo cha Kurani. Tuyishimire naye alinipongeza. Akasema ananiombea Mungu anipe nguvu nitakaposikia harufu ya mayai. Mtu huyu ana roho mbaya sana, na viatu vyake vinang'aa kupita kiasi.

Jumatano, 16 Mei 2001. Kigali

Tumefika. Basi dogo, msitu wa Nyungwe, ukungu, wanajeshi barabarani wakitazama vitambulisho. Katika kila kizuizi nilikuwa na hofu kwamba kuna askari atakayeniuliza kama nimeshapanda ndege.

Kwenye basi sikula, kwa sababu Maman yuko nyuma yangu. Yeye hakula, kwa sababu mimi niko mbele yake. Abiria wengine wote walikula mahindi ya kuchoma. Tulipofika alikula kwa ndugu yake, Mukandayisenga, chumba cha wanawake, mlango umefungwa. Nilifurahi kusikia sahani.

Mimi nimelazwa sebuleni. Mukandayisenga ameniwekea daku chini ya kawa: ndizi na maharage, sahani imejaa mlima. Nitaamka kabla ya adhana. Nimeitazama sahani mpaka nimetulia. Kesho hakuna kitakachoharibika.

Alhamisi, 17 Mei 2001. Nairobi

Sikuamka. Adhana ilinikuta nakoroma. Nilipofumbua macho Maman alikuwa amekwisha kuvaa, amesimama mlangoni, na sahani iko pale na mlima wake. Nikasema nimeshiba kwa dua.

Yeye pia hakuwa amekula kitu. Kwa ushauri wangu.

Uwanjani nilitembea mbele kama mwenyeji. Nilikwenda penye sare, nikafuata waliokwenda mbele yangu, mpaka nikajikuta nimewafuata wafanya usafi. Maman alinifuata tu. Macho yake yana ukungu, haoni mbali, na kwa hilo nilimshukuru Mungu, Mungu anisamehe.

Ndani ya ndege watu walikuwa wamekwisha kuketi. Mtu aliyelelewa vizuri haingii mahali penye watu bila kuwasalimu. Nikawapa mkono. Safu hii, safu ile, wajumbe wote wa amani, mpaka mhudumu akaja kuniomba niketi kwa sababu foleni yote imesimama nyuma yangu. Alikuwa mama mnene wa Kikenya, sauti yake ya kuita ng'ombe. Akakuta mkanda nimeufunga fundo tumboni. Akalifungua bila haraka, akaniingizia chuma kwenye chuma.

Ndege ikainuka. Joto likanipanda. Nikamwomba mhudumu atufungulie dirisha kidogo, upepo uingie. Mzungu aliyekuwa ng'ambo ya ujia aliacha kusoma gazeti.

Kisha harufu! Mayai. Mkate wa moto. Kahawa. Mate yalinijaa nikayameza kwa sauti. Masinia yakaja, moja kwa Maman, moja kwangu, kabla sijasema nimefunga. Kila kitu kidogo kidogo na kimefunikwa, kama chakula cha watoto wakicheza nyumba. Omeleti ya manjano, soseji ya mnyama nisiyemjua, kamkate, siagi kwenye karatasi ya kung'aa, konfitiri ya matunda kwenye kakopo. Viwiko vyetu viligusana. Nikageuza uso kuelekea ujia. Yeye akaugeuza kuelekea dirisha. Tukakaa hivyo, tumepeana visogo, na chakula kinapoa.

Nilimwambia nikiwa nimempa kisogo kwamba mimi nimefunga, yeye ale tu bila wasiwasi. Hakugusa sinia. Nikaelewa. Kufunga kwangu kunanizuia mimi, hakumruhusu yeye. Atakulaje na mkwe yuko pajani?

Nikauona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Vidole vilikuwa vinatafuta ukingo wa sinia na kuukosa. Sukari! Uwamwezi alikuwa amenionya: mama asikae na njaa. Hofu ya kweli ilinishika, si ile ya kila siku. Niliona namshusha Nairobi akiwa amefunikwa shuka, Cyusa ananiuliza, Uwamwezi ananiuliza, na jibu langu ni faksi.

Nikasimama. Nikasema naenda nyuma kuswali dhuha. Hilo lilikuwa jambo jema na nilikuwa nalikusudia. Mkono wangu, kwa upande wake, ulikuwa umekwisha kuingiza kamkate na konfitiri kwenye mkono wa koti. Soseji niliiacha. Konfitiri haina mnyama.

Nyuma hakuna mahali ila choo. Nikaingia. Nilikaa juu ya kifuniko, nikala. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile mahali kama pale. Nililamba kakopo. Mara ndege ikaruka kama lori kwenye shimo, kengele ikalia, taa ikawaka, na nikajua Mungu ameuona mkono wa koti. Nikashika komeo, komeo likakataa. Nikavuta, nikasukuma. Nikatoa shahada kwa sauti kubwa.

Mlango ulifunguliwa kutoka nje. Ulikuwa mlango wa kukunjwa. Mhudumu aliniangalia, akaangalia makombo, akaangalia konfitiri kwenye masharubu. Akacheka kwa moyo mwema, na kwa sauti ile ya ng'ombe akasema kwamba kama njaa inanisumbua ningeomba tu mkate mwingine, hakuna haja ya kujificha chooni kuula. Akanishika bega, akanirudisha mbele ya wajumbe wote wa amani, akaniwekea mikate mapajani.

Maman alikuwa ameketi wima, shuka limemfunika mpaka puani. Sinia lake lilikuwa tupu. Langu pia lilikuwa tupu, pamoja na soseji. Mkono wake haukutetemeka tena. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kabla ya kuanza kufa kwa aibu.

 Kisha akasema, akitazama mawingu:

"Kamali. Macho yangu iko na giza, lakini masikio iko muzima. Weye haukupandaka avio, ndege, hata siku moja. Muntu mwenye alizoea avio anaomba bafungue dirisha?"

Nikafungua mdomo. Akainua kidole.

"Nyamaza. Ulitoka sababu yangu, nipate kula. Ile niliiona. Mu roho hauko mubaya, iko mudomo tu. Bongo moja, uongo moja, naweza samehe. Siku ya kuja kwetu, mbele ya bajomba, utasema: sikupandaka ndege mbele ya ile ya Nairobi. Maneno ile tu. Ukiisema, mutoto ni wako."

Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia ujia. Mzungu alinipa karatasi ya kufutia.

Jumanne, 29 Mei 2001

Tumerudi jana. Daktari wa Cyusa amefanya kazi nzuri: Maman anaona. Anaona mpaka mlima wa ng'ambo, Kongo, na kuhesabu nyumba. Jambo hili linanitia wasiwasi, maana nilimzoea vile.

Kwenye ndege ya kurudi aliomba mwenyewe viti vya mbali. Nilikula omeleti yote.

Kikao na wajomba ni Jumapili. Najifunza yale maneno. Sikuwahi kupanda ndege kabla ya ile. Nimeyasema mbele ya kioo, nimeyasema nikioga. Kwenye kioo yanatoka. Sokoni ni shida. Jana tu watu waliniuliza habari za safari, na kabla sijajua nimewaeleza kwamba rubani aliniita mbele nimsaidie kutambua Ziwa Kivu kutoka juu. Hilo si uongo wa ndege ya zamani, ni wa ndege hii, kwa hiyo halihusiani na masharti.

Uwamwezi anajua. Mama amemwambia. Alinijia leo akanishika mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya. Alisema anaomba kitu hicho kimoja tu, sentensi moja, halafu maisha yote yaliyobaki niseme nitakalo. Nilimwahidi. Mkono wake ulikuwa na pini za cherehani na ulinuka mafuta ya mashine.

Usingizi hakuna. Na kama sauti ikinikauka? Na kama Tuyishimire akicheka? Watu watanitazamaje sokoni? Miaka yote ile, Kinshasa, Brussels, vyote vifutwe kwa sentensi moja? Buhendwa anasema ndiyo.

Jumapili, 3 Juni 2001

Nimefaulu!

Naandika harakaharaka, bado nimeshiba. Nilifika Bugarama nimevaa koti na viatu nilivyomaliza kuvisugua alfajiri. Wajomba walikuwa wameketi, Mzee Nshimiyimana katikati. Uwamwezi alikuwa mlangoni mwa jiko. Maman alikaa upande wa pili akiangalia chini, kama inavyotakiwa. Na Tuyishimire yupo! Eti mmoja wa wajomba amemkaribisha. Nikafunga vifungo vya koti, nikasimama.

Mzee Nshimiyimana alisema dada yake amemwambia nina neno fupi la kuwaambia.  Kuku tu ndio waliokuwa wanasema. Nikamwona Uwamwezi anatembeza midomo, ananisemea maneno kutoka mbali kama mwalimu wa chuo. Nikasema, kwa sauti safi, neno kwa neno:

"Sikuwahi kupanda ndege kabla ya ile ya Nairobi."

Wote walikuwa wananitazama. Tuyishimire alikuwa ameinua nyusi. Kimya kile kilikuwa kirefu mno, binadamu hawezi kukiacha hivyo. Nikamalizia:

"Ndogo kiasi kile."

Basi. Maneno yote aliyoyataka nimeyasema, hakuna nililoruka. Nimeongeza matatu tu mwishoni. Nikaona wamependezwa, kwa hiyo nikawaeleza kidogo kuhusu zile kubwa za Brussels, zenye ngazi ndani.

Maman aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinitazama usoni kabisa, kwa macho yale mapya, hakuyakwepesha. Kisha akainuka akaenda jikoni. Akarudi na sahani ya wali wa Bugarama, maharage na kipande cha nyama, akaiweka mbele yangu mimi, akavuta kiti, akaketi kunielekea.

"Kula, mutoto wa bantu," aliniambia. "Umetembea mbali, mugeni."

Mbele ya wajomba wote! Mila nzima ameiweka kando kwa ajili yangu. Nimesikia wakwe wanaopendwa, lakini kupendwa namna hii sijasikia. Uwamwezi alikimbilia nyuma ya nyumba akilia, na wanawake hulia hivyo siku kama hizo, furaha huwazidi. Nilikula yote, Maman akinitazama kila tonge mpaka mwisho. Niliomba mchuzi zaidi akaniongezea mwenyewe. Wajomba waliangalia miguu yao kwa heshima.

Wiki ijayo nitamwuliza Mzee Nshimiyimana tarehe. Niliwaza kumwuliza leo, lakini walikuwa wanasubiri niondoke ili wazungumze mambo yao na Tuyishimire. Yule maskini sijui anaumwa nini. Walimletea maji tu, akayakataa. Alikaa pembeni, kichwa ameinamisha, hakugusa kitu, na Maman hakumtazama hata mara moja.